Mwanzi Uliozibwa

…na akikohoa, basi, Tumirah atasema aliyekohoa ni bibi, bibi ana kifua tangu zamani, mtaa mzima unakijua kifua cha bibi, lakini mtoto hakohoi, mtoto anaguna, anaguna kama paka aliyefungiwa ndani ya kapu, na mguno wa mtoto wa miaka sita haufanani na mguno wa bibi kizee, hata kiziwi atatofautisha… ko, ko, ko, fimbo ya mkaguzi wa tauni bado iko kwa jirani, kwa mama Lasmi, inagonga mwanzi mmoja mmoja, nguzo, boriti, miguu ya kitanda, mwanzi mtupu husema ko, mwanzi wenye kitu ndani husema du, na ukisema du mkaguzi anaita msumeno, unapasuliwa hapo hapo mbele ya wenye nyumba na mbele ya watoto wote wa mtaa waliokuja kutazama, pepeta, Tumirah, pepeta mchele kama mtu asiye na lake jambo, amesimama mlangoni na ungo mikononi, Sapari mchanga amefungwa mgongoni, kalala, jua la asubuhi limefika nusu ya kizingiti, mwanamke anayepepeta mchele mlangoni mwake nani atamshuku, ingawa mchele wenyewe ameshaupepeta jana na tena leo alfajiri na hauna hata pumba moja, anarusha na kudaka, anarusha na kudaka, na nyuma yake, humo ndani gizani, Wagini amelazwa ukutani kwenye kitanda cha mianzi, amefunikwa mikeka na nguo chakavu, na mbele ya mikeka ameketi bibi, mama wa mumewe, miguu ameikunja, mgongo ameuegemeza kwenye mikeka hiyo kama mtu anayeegemea mto, na joto la mtoto linampenya bibi mgongoni, lazima linampenya, maana usiku kucha lilikuwa linampenya Tumirah kifuani, mtoto anawaka kama jiko, na kinenani umemtoka mtoki, mgumu, mkubwa kama yai la bata, ukiugusa analia, usipougusa analia, na jana jioni ameacha kulia akaanza kuguna, na hilo ndilo baya zaidi… Wakimwona watamchukua, na wakimchukua ndiyo basi, kila mtu hapa Malang anajua, kambini mtu haendi akarudi, unalazwa kwenye kibanda cha mianzi mipya ng'ambo ya mto, mlango umeangalia mashamba, ndugu wanasimama nje ya uzio wanakuita kama wanaita mbuzi, na ukifa hawakuoshi kwanza, wanakudunga sindano ubavuni, sindano ndefu kama ya kushonea magunia, wanavuta damu ya bandama waitazame kwenye kioo chao, mtoto wa kike, amevuliwa nguo mbele ya wanaume, hajasomewa hata dua, na huku nyumbani wanaezua paa, mvua na jua viingie, wanatoa mpaka jungu la bibi nje, mpaka kitanda… ko, ko… mama Lasmi anacheka huko, anacheka sana, anayecheka hivyo mbele ya mkaguzi hana cha kuficha, au anacho.

Mfiche mpaka jioni, ndivyo alivyosema mumewe Sadikin alfajiri, anajifunga mkanda wa kubebea magunia, tayari kwenda stesheni, jioni nakuja na mkokoteni wa ng'ombe, tunamlaza chini ya majani, tunampeleka kijijini kwa kaka, huko hakuna mkaguzi wala mama yake mkaguzi, na yeye Tumirah akamuuliza, “Na watoto wa kaka yako?” “Watoto wa kaka wana nini?” “Si watalala naye chumba kimoja?” “Sasa unataka nini, mama Wagini, unataka nimwite Mholanzi mwenyewe aje kwa gari la farasi amchukue? Sema basi, nimwite,” akatoka, mlango haukufungwa vizuri, mume mwoga akikasirika husahau milango, na yeye akabaki anafikiri juu ya kitanda, alikuwa anafikiri juu ya ule mwanzi wa kitanda, wa upande wa kichwani, mnene kuliko yote, tangu siku ile anafikiri juu ya mwanzi huo tu… Bibi ndiye aliyemwona kwanza, uvunguni mwa kitanda, amelala chali, tumbo limevimba, meno nje, na bibi hakupiga kelele, bibi alikaa chini taratibu akasema, “Maskini, Bwana Mzuri amekufa,” maana katika nyumba hii hatajwi kwa jina lake, tangu Tumirah aolewe kaja akakuta hatajwi, ukimtaja anasikia, akisikia anaudhika, akiudhika anakuja na ukoo wake wote kutafuna nguo na mpunga, basi anaitwa Bwana Mzuri, anawekewa konzi ya wali kwenye mguu wa nguzo msimu wa mavuno, ale ashibe aende zake, mama yake Tumirah mwenyewe alifanya hivyo, na mama yake mama, nani asiyefanya hivyo… “Tumtupe mtoni,” alisema Tumirah, na bibi akamkazia macho, “Umtupe kama takataka? Wenzake wakija kumtafuta wasimkute utawaambia nini? Anarudishwa alikotoka, kwa heshima zake, ndiyo kazi,” na alikotoka panajulikana, mwanzi wa kitanda, mdomo wa mwanzi uko wazi na umetafunwa pembeni, wakamviringisha kwenye kitambaa cheupe, ua moja la kenanga, wali kidogo, na Wagini akasema nimshike mimi, bibi, nimshike mimi, akampakata kama mtoto wa udongo, akawa anambembeleza, “Amelala, mama, tazama, amelala,” akamwekea shavu… shavu, alimwekea shavu… na bibi akacheka, na yeye Tumirah naye akacheka, kwa nini alicheka, alikuwa amechoka, alikuwa na nguo za kufua na Sapari analia njaa, ulikuwa mchezo wa mtoto. Akamsukumia ndani ya mwanzi kwa mwiko, mpaka kwenye fundo, akaziba kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mavi ya ng'ombe, akaupiga kwa kiganja ukawa laini, na wakati akiupiga alijisifu moyoni, hilo hakumwambia mtu, alijisifu kwamba ameua ndege wawili kwa jiwe moja, heshima ya bibi imetimia na amri ya serikali imetimia, si ndiyo amri yenyewe, mkaguzi alikwisha kuitangaza uwanjani kwamba kila mwanzi ulio wazi uzibwe mdomo, asiyeziba atakiona, basi huu umezibwa, njooni mtazame… na bibi tangu siku ile anachoma ubani asubuhi na jioni, na leo Alhamisi hakuna atakayeuliza ubani wa nini, ni wa wazee waliotangulia, kila nyumba inafuka.

“Hodi hapa! Mama Wagini, mchele huo unapepetwa au unafundishwa kuruka?” Ni yule mbeba ngazi, Gimin, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, nyuma yake mwenzake na ndoo ya lami, na nyuma yao mkaguzi mwenyewe, koti jeupe, viatu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama anakwenda harusini, naye ni mtu wa hapa hapa, Mjawa kama wao, bwana Suwita, hana sura mbaya, angekuwa na sura mbaya ingekuwa rahisi… “Karibuni,” alisema Tumirah, na sauti ikatoka sawa, ajabu, ilitoka kama sauti ya mtu, “karibuni ndani, nyumba ni ndogo, mtanisamehe,” na akajisogeza kidogo tu, nusu mlango, mwanga usiingie wote. Ko, kwenye mwimo wa mlango. Ko, kwenye nguzo. “Pole pole,” bibi akapaza sauti toka kitandani, “hiyo ni nyumba ya mwanangu, si ngoma ya harusi ya mama yako,” na Gimin, “Mama yangu aliolewa bila ngoma, bibi, ndiyo maana mwanawe nabeba ngazi,” wakacheka, hata mkaguzi akatabasamu, Tumirah akacheka nao, anacheka na kusikiliza, chini ya kicheko kuna mguno, umeusikia, hapana, ni kamba ya ngazi inasuguana, ni mguno, ni mguno, bibi kohoa basi, na bibi akakohoa, akakohoa kwa muda mrefu mno, hakuna anayekohoa hivyo… “Bibi anaumwa?” aliuliza mkaguzi, fimbo imesimama hewani. “Mimi?” bibi akadakia, “mimi naumwa uzee, mwanangu, una dawa yake? Kifua hiki kilinianza mwaka ule mlima ulipotema majivu, wewe ulikuwa unanyonya.” “Homa je?” “Homa niitoe wapi, sina damu ya kuchemka.” “Haya, bibi, inuka kidogo nipate kuona kitanda.” Na hapo Tumirah akaegemea mlango, ungo ukainama, punje zikaserereka zikasimama ukingoni, inuka kidogo, amesema inuka kidogo, bibi akiinuka mikeka itaanguka, mikeka ikianguka… “Niinuke?” bibi akasema, “Nikiinuka nani ataniketisha, wewe? Miguu hii haisimami tena, kwenda chooni nabebwa, mkwe wangu huyo hapo muulize,” na mkaguzi akageuka akamtazama Tumirah, na Tumirah akasema, “Ni kweli, bwana,” maneno matatu tu, laini kama ule udongo, na hakuna udongo uliowahi kuziba kitu kibaya kuliko hayo. “Basi kaa, bibi, kaa, nitagonga hivyo hivyo,” amesema, ni mtu mwema, Mungu wangu, ana adabu na wazee, adabu yake ndiyo inatuokoa, akainama, fimbo ikapita miguuni mwa bibi, mguu wa kitanda, ko, mguu wa pili, ko, “Mmekwisha kuona panya aliyekufa humu?” na bibi akafumba macho, kila neno hilo likitajwa bibi hufumba macho kama amerushiwa mchanga, “Panya aliyekufa ni wa kuogopwa kuliko aliye hai, niliwaambia uwanjani, viroboto wake wakikosa damu ya moto kwake wanatoka kutafuta damu nyingine ya moto, mnakumbuka?” “Tunakumbuka,” alisema Tumirah, na kweli alikuwepo uwanjani, alisimama nyuma kabisa, na yeye na mama Lasmi walicheka kwa viganja mdomoni, viroboto wenye akili, viroboto wanaohama nyumba kama wapangaji, serikali haina kazi… ko, mwanzi wa pembeni, ko, ko, fimbo inapanda kuelekea kichwani, na Wagini akaguna.

Huo haukuwa mlio wa kamba ya ngazi. Ulikuwa mrefu, na mwishoni ulikuwa na neno, mwishoni ulikuwa na maji, alikuwa anaomba maji, na kabla fimbo haijasimama, kabla bibi hajavuta pumzi ya kukohoa, mkono wa Tumirah ulikuwa umekwisha kwenda nyuma peke yake, chini ya kitambaa, ukautafuta mguu wa Sapari, paja nene la mtoto wa kunyonya, ukalifinya, ukalifinya kwa kucha, na Sapari akaamka na mayowe yaliyojaza nyumba, “He, huyu naye kaamka na jeshi,” akasema Gimin, na Tumirah akamtikisa, nyamaza baba, nyamaza, na moyoni anasema usinyamaze, lia, mlilie dada yako, lia mpaka watoke… na vidole vyake bado viko pale pajani, havikutoka, vimekuta kitu. Kidogo. Kipele. Na kingine chini yake, na kingine, vimefuatana kwenye mstari kuelekea gotini, vya moto, vina kichwa kidogo katikati, anavijua vipele hivyo, anavyo yeye mwenyewe kifundoni tangu majuzi, akajikuna akidhani ni mbu, na Wagini alikuwa navyo, Wagini alikuwa navyo shingoni, chini kidogo ya shavu… mbu haumi kwa mstari. Sapari analala kitanda kile. Sapari analala upande wa kichwani, pale penye mwanzi mnene, kwa sababu pana baridi kidogo na pana upepo wa dirishani, yeye mwenyewe humlaza pale, kila usiku, anamlaza na kumpiga piga mgongoni, juu ya kile alichokizika kwa ua na wali… wanatoka kutafuta damu nyingine ya moto. Akatazama paja la mtoto kwa vidole, hawezi kugeuka, hawezi kulitazama kwa macho, anahesabu kwa vidole na anaogopa kuhesabu, na sasa hofu imebadilika mahali, ilikuwa mbele yake imevaa koti jeupe, sasa iko nyuma, iko mgongoni, imefungwa kwa kitambaa na inalia. Jioni Sadikin atakuja na mkokoteni. Watamlaza Wagini chini ya majani. Na Sapari atalala wapi, atalala pale pale, na watoto wa kaka yake Sadikin watalala na Wagini, yule mdogo wao mwenye kitovu kilichotokeza, na lini itaisha, itaisha nani akibaki… Kambini mtu haendi akarudi. Nani kasema? Kila mtu kasema. Yeye mwenyewe kasema, kamwambia mama Lasmi kisimani, huendi ukarudi, akatikisa kichwa kama shahidi, na siku hiyo hiyo asubuhi, sokoni, alikuwa amemwona mama Jumadi. Alimwona. Amekaa mwisho wa safu ya wauza tempe, soya iliyochachushwa, vifurushi vyake vya majani ya mgomba vimepangwa mbele yake havijanunuliwa, amekonda, nywele zimekatwa, na Jumadi kakaa ubavuni kwake anachezea uzi. Mama Jumadi alichukuliwa yeye na watoto wake wawili, mtaa ukawalilia kama maiti, na karudi, na Jumadi karudi, mmoja hakurudi, yule wa kike, lakini wao wawili wamerudi, wana miguu, wana kivuli, wanauza tempe. Na macho yao yalikutana. Na mama Jumadi akafungua mdomo kumsalimu, “Mama Wagini, hujambo…” na yeye Tumirah akageuza uso akajifanya anachagua pilipili, akanunua tempe kwa mwingine, ghali zaidi, akaenda nyumbani akasema hakuna anayerudi. Hivyo ndivyo ilivyo. Wanarudi na sisi tunageuza uso, halafu tunasema hawarudi. Na fundi Karsan mshona nguo, aliyewaficha wote ndani, mke, mama, watoto, akatuma neno mlangoni kwamba wamesafiri, nani wa nyumba ya Karsan amerudi sokoni? Nani wa kugeuziwa uso?

Du.

Ndiyo hiyo. Hata Sapari kwa mayowe yake hakuizuia isisikike, ndogo, nzito, kama mtu aliyegonga begani kwa kidole, fimbo ikarudi ikagonga tena, du, bibi amefumba macho na midomo inakwenda, ubani unafuka, Gimin ameacha mzaha, mwenzake ameshika msumeno, lini ameushika, na mkaguzi anainama, anachungulia mdomo wa mwanzi, anapitisha kidole gumba juu ya udongo, juu ya alama za kiganja cha Tumirah zilizokaukia pale, na uso wake unafunguka, unang'aa, ni uso wa mwalimu aliyekuta mtoto mmoja kasikia somo. “Aha. Huu umejazwa udongo. Mmeuziba wenyewe?” “Mkwe wangu huyo,” akasema bibi haraka, macho yamefunguka, “ana mikono mizuri.” “Mnaona?” mkaguzi anawaambia wabeba ngazi, “mnaona nyumba hii? Mtaa mzima nagombana nao, huyu hakungoja kugombezwa. Ungetia lami juu, mama, udongo utapasuka, lakini vizuri, vizuri sana,” na Gimin, “Basi msumeno ulale, leo tumepata mwanafunzi,” na msumeno ukarudi begani, hivyo tu, wanatoka, wanampita mlangoni, koti jeupe linanukia sabuni, wamekwisha kutoka, mkaguzi amesimama nje ya kizingiti na chaki mkononi, mviringo kwa nyumba safi, msalaba kwa nyumba chafu, na anaanza mviringo, chaki inakwaruza mbao, inapanda, inazunguka, na akishaufunga mviringo ule hatarudi mpaka mwezi mwingine, na bibi huko ndani anamtazama Tumirah, macho ya bibi yanacheka na kulia pamoja, yanasema umeona, yanasema wazee wametusikia, yanasema funga mlango, mwanangu, funga mlango… na hakuna kilichobadilika, jua bado liko nusu ya kizingiti, ungo uko mikononi, mchele ni ule ule, mtoto mgongoni amepunguza kulia anapiga kwikwi, mtoto kitandani anaguna taratibu, anaomba maji, sindano iko pale pale, uzio uko pale pale, mama mkwe hatamsamehe mpaka kaburini, Sadikin atampiga, mtaa utageuza uso wote kwa pamoja kama mashua zilizogeuzwa na mkondo mmoja, na anaogopa, anaogopa kuliko alivyopata kuogopa, hofu haijapungua hata chembe, ila sasa anajua ni ya kitu gani, na chaki inashuka upande wa pili, imebaki nafasi ya upana wa kidole tu kwenye mviringo, na Tumirah, hajasogea, hajaweka hata ungo chini, akafungua kinywa, na bibi akaona kabla ya kusikia akainua mkono kumkataza, na neno ambalo hajalitamka tangu alipovuka kizingiti hiki akiwa bibi harusi likatoka kavu, dogo, kama punje iliyorukia nje ya ungo:

“Panya,” alisema. “Bwana mkaguzi, ndani ya mwanzi ule yumo panya… na nyuma ya bibi yuko mwanangu.”